Simbilisi wa Blacktown

Sisi tuliokulia Blacktown, huku Australia, na mama waliofanya kazi za zamu, Jumamosi yetu ilikuwa moja. Ukiamka unasikia harufu ya dawa ya kupigia deki, kwaya za Kikongo zinaimba kwenye redio, na mapazia yote yako kwenye kamba nje. Hakuna aliyelala mpaka mchana. Vijana wa leo wanasema Jumamosi ni siku ya kupumzisha akili. Sisi akili zetu zilipumzika tukiwa tumeshika ufagio.

Tulikuwa tumetoka Kivu, mimi, mama na dada yangu Furaha, na nilikuwa bado mdogo. Katuni nilizotazama zilijaa hamsta, vile vipanya vinene vya mashavu yaliyojaa chakula, nami nikamtaka mmoja kwa moyo wote. Mama akanipeleka duka la wanyama. Muuzaji akatueleza kwa upole kwamba hamsta hawaruhusiwi kabisa kuingia Australia. Nilipomtafsiria mama, alicheka hadi akashika kaunta.

"Ata panya wanamunyima visa?" akasema. "Basi si tuko na bahati."

Aliyetuokoa ni Anti Njeri, muuguzi Mkenya tuliyesali naye. Binti yake alikuwa ameondoka kwenda chuo na kumwachia simbilisi, yule mnyama mnene asiye na mkia ambaye watu wa Kivu wote wanamjua. Huyu wake alikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, mwenye manyoya marefu yanayoburuta chini. Anti Njeri alimleta ndani ya kizimba, akamweka mezani, akasema, "Anaitwa Biskuti. Chunga asinuke."

Mama alimtazama Biskuti kwa muda mrefu. Katika Kiswahili cha kwetu mnyama anaitwa nyama tu, awe anatembea au yuko chunguni, na nilijua anachokumbuka. Kijijini simbilisi walikimbia chini ya meza ya jikoni, wakalia wii wii wakisikia mtu anakata majani. Kisha mama akatoa sheria yake.

"Mu nyumba yangu, asiye safi analala inje. Sichague mutu ao nyama."

Basi Biskuti akaingizwa kwenye Jumamosi yetu. Asubuhi nilitoa nyasi zilizolowa, nikafuta sakafu ya kizimba kwa maji ya moto na siki, nikakianika juani kikauke ndipo niweke nyasi mpya. Hatukumwosha ovyo, maana Anti Njeri alituonya kwamba baridi inamwua. Nilimfuta tumbo na miguu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, nikamkausha kwa taulo, Furaha akamshika nikamkata kucha kidogo kidogo. Manyoya ya nyuma mama aliyapunguza mwenyewe kwa mkasi, yasishike uchafu.

Mchana ndio niliopenda. Mama alikaa kwenye kochi akinisuka, mimi nimekaa chini katikati ya magoti yake, na Biskuti yuko mapajani pangu nikimchana kwa kitana. Mama akivuta nywele zangu, nami nachambua mafundo ya Biskuti. Mafuta ya nazi yananukia, nyasi kavu zinanukia, na Biskuti anakoroma kwa raha. Nikilalamika kwamba naumia, mama alisema, "Uangalie mwenzako. Yeye ananyamaza."

Kisha shule ikatangaza siku ya wanyama. Kila mtoto alete wake, na aliyetunzwa vizuri kuliko wote apewe utepe. Nilimchana Biskuti wiki nzima. Siku yenyewe mama alikuja moja kwa moja kutoka kazini kwake, ghalani Wetherill Park, bado amevaa kizibao chake cha rangi ya chungwa, akasimama nyuma pamoja na wazazi wenye miwani ya jua na kahawa mkononi.

Zamu yangu ilipofika, nilimwinua Biskuti waone anavyong'aa. Mwenzangu mmoja wa darasani akasema kwa sauti, "Kwao wanawala hao." Wengine wakacheka. Mwalimu, mwanamke mwema kweli, alifanya haraka akasema tusizungumze mambo mabaya kama hayo, hakika si kweli, sivyo? Akanitazama nikubali.

Nilitaka sana kusema si kweli, nikae chini. Mama alikuwa ameelewa zaidi ya walivyodhani. Akaja mbele taratibu na viatu vyake vizito vya kazi, akasimama karibu nami.

"Uwaambie ni kweli," akasema.

"Mama, tafadhali."

"Uwaambie. Vita ilipotufukuza, simbilisi njo walituponesha. Tulikula, tukafika. Na huyu hatumukule, juu ni rafiki ya mutoto wangu. Uwaambie yote."

Nikayasema yote kwa Kiingereza. Yule mwenzangu aliangalia viatu vyake. Mwalimu akasema asante, kwa sauti ndogo. Utepe alipewa mbwa mweupe aliyenukia manukato, nasi tukatembea hadi nyumbani kupitia stesheni, mama amebeba kizimba kifuani, kichwa juu, kana kwamba tumeshinda. Moyoni mwangu tulikuwa tumeshinda. Biskuti alizeeka kwetu, akafa akiwa safi.

Leo mpwa wangu ana mbwa anayepelekwa saluni. Saluni ya mbwa, jamani, na miadi inawekwa kwa simu. Mbwa anapigwa picha akitoka. Mwambie mpwa huyo afagie manyoya kwenye kochi, atakuambia ana mzio. Simchukii. Ila natamani angejua magoti ya mama yanavyoshika mabega yako.

Shule ya wanangu sasa ina siku ya tamaduni. Tunavaa vitenge, tunapeleka sambusa, na wazazi wenzetu wanatupigia makofi. Makofi ni matamu, sikatai. Lakini wanapigia vile vinavyopendeza, nasi tumezoea kuwapa hivyo tu, mengine tunayaacha nyumbani. Enzi za mama yangu hakukuwa na makofi, na maneno yalitoka mazima mazima.

Mwaka huu wameniomba niongee machache mbele ya wazazi kuhusu chakula cha kwetu. Mwanangu mkubwa ameshanisihi kwa Kiingereza niseme juu ya sambusa, nisimwaibishe. Nimemwambia sambusa watazila. Mimi nitazungumza juu ya simbilisi.