Viumbe Wasiosema Sh

Rafiki yangu alitunga lugha nzima, na mtu mmoja akataka kuiua kwa sababu ya herufi mbili. Hiyo ndiyo hasira yangu, na bado sijaimaliza.

Tulikuwa tunatengeneza gemu ya simu hapa Kisumu, kwa chumba cha kukodi juu ya duka la spea, Kondele. Gemu yenyewe ni ya viumbe wa ziwa, watu wa magamba wanaoishi chini ya yale magugu yanafunga ufuo, na wanachukia nyavu kama kifo. Mimi nilikuwa wa sauti: maiki, kompyuta, kukatakata rekodi. Hakuna mtu alinifundisha, nilijua kwa kuharibu. Rafiki yangu alikuwa wa lugha. Nimekua na yeye kijijini Usenge, kando ya ziwa, mama zetu wakianika dagaa wa omena bega kwa bega, kwa hivyo ukimgusa yeye umenigusa mimi. Usiniulize kwa nini.

Na hakuwa anabahatisha. Wengi ukiwaambia watunge lugha ya viumbe wananguruma tu kama mbwa ameona mgeni, halafu wanaita hiyo kazi. Yeye alikaa chini akafikiria mdomo. Alisema huko majini pumzi ni mali, hakuna kiumbe mwenye akili ataimwaga bure. Sasa hebu sema "sh". Umesikia vile hewa inatoroka? Basi lugha yake haina sh. Ina s fupi, ya kubana na meno, na ina ng' kila mahali, kwa sababu ng' unaweza kuitoa mdomo ukiwa umefungwa.

Kwa umoja na wingi alichukua kitu cha kwetu. Kijaluo, jiwe moja ni kidi, mawe ni kite. Mlima ni got, milima ni gode. Sauti nzito inakuwa nyepesi, nyepesi inakuwa nzito, neno linajigeuza tumbo kama samaki. Viumbe wake wakafanya vivyo hivyo: yai ni hogo, mayai ni hoke. Mgeni ni lut, wageni ni lude. Siku ya kwanza kuisikia nilitoa hedifoni nikamwambia, wewe, hii kitu inaogelea.

Halafu bosi akaja kusikiliza. Gemu ni yake, pesa ni yake, na yeye ni Mjaluo kama sisi, ila amelelewa Nairobi na hilo lazima ulijue kabla hajavua miwani. Tukamwekea sauti ya malkia wa viumbe, iliyofanywa na mama mmoja wa kwaya mwenye sauti ya kutikisa mabati. Akasikiliza kidogo akasimamisha. Akasema hii haiwezi. Watu wa Nairobi watacheka, watasema hawa viumbe wanashrabu.

Kama wewe si wa Kenya: kushrabu ni kusema neno na lafudhi ya kwenu. Na sisi wa ziwa tunachekwa kwa hii sh hasa, eti tunasema "samba" badala ya "shamba". Shule nzima nilichekwa. Sasa mtu wetu mwenyewe amekuja kuwaonea aibu nayo mpaka viumbe ambao hawako.

"Kila mahali pa s, wekeni sh," akasema. "Isikike kisasa."

Kisasa ya nani? Samaki?

Tukarekodi upya. Yule mama sasa alikuwa anaogopa kukosea, na mtu akiogopa, sh inamwingia kila mahali. Alipofika kwa sehemu ya Kiswahili, pale malkia anawaambia wavuvi, akasema, "Turudishieni shamaki wetu." Tukarudia. Shamaki. Tukapumzika, akaomba chai, isiwe na shukari nyingi. Bosi alicheka mpaka akashika ukuta. Mama naye akacheka, lakini ile cheko ya mtu anatafuta mlango uko wapi.

Hapo nikawaka.

"Bwana," nikamwambia, "huyu mama ameingia hapa na s yake ikiwa sawa kabisa. Ni wewe umemharibia."

Nikaongeza mengine, sitayaandika. Naye akasema asiyetaka mlango uko wazi, na lugha hata kompyuta inaweza kumtungia mpya kabla ya chakula cha mchana. Alisema hivyo mbele ya mtu aliyekesha na hiyo lugha miezi. Nikaanza kuchomoa waya zangu. Kama lugha yake inatupwa, na maiki pia inaenda.

"Omera, ndugu yangu, kaa," rafiki yangu akaniambia. Halafu akamgeukia bosi, mpole kama mtu anauza kitu, akasema sawa, sh atapata.

Nilitamani kumrukia yeye sasa.

Akaeleza kwamba ni kiumbe mmoja tu atakayekuwa nayo. Huyo alitoka majini kitambo akahamia nchi kavu, na huko pumzi ni ya bure, anaimwaga anavyotaka. Kugeuza maneno amesahau. Akitaka kusema mayai hasemi hoke, anabandika sh tu nyuma: hogosh. Vile vijana wa Nairobi wanabandika s ya Kizungu kwa neno la Kiswahili.

Mama wa kwaya akaanza kuangalia dari kwa bidii sana.

"Na akirudi ziwani?" bosi akauliza.

"Anarudi. Lakini hata hoke wake mwenyewe, wakishaanguliwa, hawamwelewi."

Alikaa na miwani mkononi, anaifuta, anaifuta. Mwishowe akasema wengine wote waachwe vile walikuwa, malkia arudie na s yake. Akauliza nani atasema sehemu ya huyo aliyehama. Akavua koti akaja kwa maiki mwenyewe.

Utadhani nilifurahi. Wapi. Mama hakuambiwa pole, si siku hiyo, si mpaka leo, na hilo nimemwekea. Lugha imebaki, sawa, lakini haikufaa ikuwe ya kuombewa.

Akaanza: hogosh, lutsh, hogosh. Hewa yote ya sh ikaenda ndani ya maiki, puu, puu, kwa hedifoni yangu. Nikamsimamisha. Sikutumia Kiswahili, wala Kizungu chake, nilitumia Kijaluo.

"Dog chien matin," nikamwambia.

Akaelewa, akarudi nyuma kidogo.