Cheti cha Mdogo Wangu

Mdogo wangu nilimbeba mgongoni nikiwa darasa la nne. Mama alikuwa kazini, mtoto hana wa kumshika, baba akasema mimi nipumzike shule mwaka mmoja. Mwaka huo haujaisha hadi leo.

Yeye alisoma mpaka akachoka. Sasa anaandika vile vijitabu vinavyokuja na mashine, bonyeza hapa, zungusha pale, na waandishi wenzake wana chama chao chenye ukumbi. Mimi ndiye ninayepika chai kwenye ukumbi huo. Kazi alinitafutia yeye, kwa sharti moja: "Pale usiniite mdogo wangu. Watu wa pale wana maneno." Miaka mitatu nimemwekea kikombe mbele kama mgeni, naye ananijibu, "Asante, mama."

Kila mwaka chama huwanoa wanachama kwa siku tano. Siku ya mwisho wana desturi yao: cheti chako hufunikwa plastiki na mtu wa nje, asiye ndugu wala rafiki, akifuata maelekezo uliyoandika mwenyewe. Mwandishi husimama nyuma, mdomo kufuli. Kikitoka kimenyooka, ni chako. Kikiharibika, rudi mwakani. Mwaka huu mdogo wangu alikuwa ameahidiwa ukuu wa idara kazini kwake akirudi na cheti. Viatu vya cheo alikwisha kununua. Nilipoviona, roho iliniuma kama jino bovu.

Mkufunzi akachungulia jikoni. "Mama, njoo utusaidie. Mashine ya kufunika vyeti umewahi kuitumia?"

"Mimi na mashine wapi na wapi, mwalimu? Mimi na birika."

Uongo. Katibu huniachia vitambulisho vya wageni nivifunike, yeye akienda kupiga soga kwenye simu. Naijua mashine ile kama sufuria zangu.

Nilipofika ukumbini, zamu ilikuwa ya mdogo wangu. Angeweza kusema hapo hapo kwamba mimi ni nduguye. Akatazama viatu vyake.

"Leo mama chai ndiye msahihishaji!" mmoja akatania. "Tumekwisha!"

"Fanya kilichoandikwa tu," mkufunzi akaniambia.

Nikasoma kwa kidole. Washa. Ngoja taa ya kijani. Weka cheti katikati ya plastiki. Ingiza plastiki kwenye mdomo wa mashine.

Basi. Hakuandika upande upi utangulie. Plastiki ile ni kama bahasha, upande mmoja umeshikana, na huo ndio hutangulia. Mkono wake umezoea, akasahau kwamba mkono wa mgeni haujui. Wangu ulijua. Ulikwisha kuielekeza sawasawa. Nikaigeuza.

Mashine ikaguna, ikatafuna, ikakwama.

"Dada!" akapiga kelele kutoka nyuma. "Dada, jamani, unaniua!"

Ukumbi mzima ukageuka.

"Huyu ni dada yako?" mkufunzi akauliza.

Alinitazama, aproni na yote. "Ndiyo. Wa tumbo moja. Ndiye aliyenilea."

"Sasa mbona ulikaa kimya? Ndugu hapimi. Jaribio hili halihesabiki. Rekebisha maelekezo, tuchape cheti kingine, tumwite mlinzi."

Mdogo wangu akaongeza mstari mmoja. Mlinzi akaufuata, na cheti kipya kikatoka kimenyooka kama rula. Makofi. Wengine wakaja kunishika mkono: "Kumbe una mdogo msomi hivi! Hongera!" Hongera ya nini? Yeye hata kunikana kulimlipa, na kunikiri kukamlipa zaidi.

Baadaye akanifuata jikoni.

"Upande ulikuwa unaujua, eh?"

"Nilikuwa naujua."

Akachukua kitambaa, akaanza kufuta vikombe, maji yakidondokea viatu vile vipya. Sikumwambia aache. Cheti alikuwa amekiweka juu ya friji, mbali na maji, na kila nilipompa kikombe nilikitazama cheti kile.