Mama Pacha na Diski Mbili

Chumba cha seva pale hospitali bado kinavuma vilevile, na kiyoyozi bado kinadondosha maji kwenye ndoo. Ila siku hizi hakuna anayeingia akisema, "Haya wanangu, mmeamkaje?" Watu wa masjala, ukuta wa pili, wanasema kimya hicho kinawasumbua kuliko kelele za feni.

Aliyekuwa akiisalimu mitambo ni shangazi yangu. Kazini walimwita Mama Pacha, kwa kuwa alizaa wavulana wawili kwa mpigo, akawalea kwa mizani. Mmoja akikatiwa mkate, wa mwenzake ulipimwa juu ya ule wa kwanza. Hata kofi: mmoja akilichokoza, wa pili naye alionjeshwa lake. "Msije mkanishtaki uzeeni," alisema.

Usawa huohuo aliupeleka kazini. Seva ya mafaili ya wagonjwa ilikuwa na diski mbili. Kilichoandikwa huku kiliandikwa na kule, ili moja ikifa nyingine iendelee. Kila diski ilibeba pia nakala za maelezo mafupi: ipi ni pacha wa ipi, na ipi iko sawa. Shangazi aliweka nakala tatu huku, tatu kule, akaenda kunywa chai na moyo mweupe.

Asubuhi moja mafundi umeme walizima jengo zima wabadilishe swichi. Umeme uliporudi, seva ikagoma kufunguka. Kumbe diski moja ilishakufa zamani, na mashine ilikuwa ikijikongoja na iliyobaki bila mtu kugundua. Lakini inapowashwa upya huzihesabu nakala zile kama kura, na hutaka zaidi ya nusu. Tatu kati ya sita ni nusu kamili.

Simu ikalia. Daktari wa upasuaji.

"Mama Pacha, nina mjamzito hapa, lazima aongezewe damu. Mara ya mwisho damu ilimkataa. Faili ndilo linalojua anapewa ipi. Nalipata lini?"

"Nipe muda, daktari."

"Mimi muda ninao. Yeye ndiye hana."

Mkuu wa idara alikuwa akimpumulia kisogoni. "Futa nakala zote, tuanze upya!"

"Nikifuta zote, bosi, mashine haitajua hata diski ni ya nani. Hebu kaa. Au nenda kamuulize mume wa mgonjwa."

"Nimemuuliza. Anasema mkewe alivimba, basi."

Shangazi akakalia viganja vyake. Ndivyo alivyofanya kila alipobanwa, vidole visije vikaitangulia akili. Dawa ilikuwa kufuta nakala za diski iliyokufa katika hesabu ya kura, zilizo hai zibaki peke yake bila ubishi. Akikosea diski, amefuta zilizo hai. Aliiwasha mashine katika hali ya matengenezo, akasoma skrini, kisha akabandika sikio kwenye kabati. Diski moja ilizunguka. Nyingine ilikuwa kimya kama jiwe. Skrini na sikio vikaafikiana. Akarudi kukalia kiganja kimoja, kwa mkono wa pili akaandika amri, akaisoma kwa sauti, akabonyeza. Kisha akawasha upya.

"Amka, mwanangu. Watu wanakungoja."

Ikaamka. Damu iliyofaa ikaletwa, na yule mama akajifungua binti mwenye sauti ya king'ora.

Mkuu wa idara akaanza kuwatukana mafundi umeme.

"Waache," Shangazi akasema. "Mimi ndiye niliyegawa tatu kwa tatu. Ilitakiwa diski ya tatu, hata ndogo, kila moja ibebe mbili. Hapo yoyote ingekufa, nne zingebaki."

"Si ungenyamaza tu? Nani angejua?"

"Bosi, nimefunga seva ngapi kwa mtindo huu?"

Hapo ndipo bosi alipokaa.

Makao makuu walipopata habari walifoka siku nzima, kisha wakampa gari, dereva mwenye maneno mengi, na amri ya kupitia kila hospitali aliyowahi kuifungia seva. Wiki hii yuko hospitali ya nne, amepiga magoti nyuma ya kabati, anafunga diski ya tatu.