Pazia la Maua Mekundu

Naungama hili nikiwa bado naona aibu. Baba alipofariki mwaka jana, mimi binti yake ndiye niliyebaki na duka letu la Makuyuni, kando ya barabara ya zamani. Tangu utotoni nilikuwa nikimwona kila Ijumaa akipanda stuli na kufuta vumbi kwenye rafu ya juu kabisa. Nilidhani anapenda usafi tu.

Kwenye rafu hiyo nilikuta bafta nyeupe, mpya, imekunjwa ndani ya gazeti. Nikajiona mjanja kuliko marehemu. Kitambaa kizuri hivi kinalala bure! Nikakikata, nikatarizi maua mekundu kwenye pindo, nikatundika pazia kati ya duka na stoo. Wateja wakalisifu, nami nikajiona fundi.

Jumanne iliyopita akaingia Bibi Mwanahawa kutoka Mashewa, akitembelea fimbo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Pole na msiba, miguu ndiyo iliyonichelewesha. Nimekuja kuitazama sanda yangu. Nyumbani kwangu panya ni wengi, ndiyo maana baba yako alikuwa akinitunzia pale juu."

Nilitazama ile rafu tupu. Bibi naye akaitazama, kisha akageukia pazia. Akalisogelea polepole, akashika pindo, akapapasa ua moja baada ya jingine.

"Na haya maua, mjukuu wangu," akasema kwa upole, "nikiulizwa huko kaburini, nitasema nini?"