Okporoko wa Turid

Kaka yangu Ndukwe alipomleta mke kutoka Norwe hadi kwetu kwa Waigbo, mama yetu Mgbafor alimpokea kwa adabu sana, na hapo ndipo nilipojua kuna shida. Mama akimpenda mtu humtukana. Turid alipewa kiti kizuri, akaitwa "mgeni wetu". Kila alichopika, Mama alishukuru, akasema ameshiba, na sahani ikarudi jikoni ilivyokwenda. Kwetu mama mkwe asiyekula chakula cha mkono wako hajakupokea, hata kama padri alishamaliza kazi yake.

Turid hakuwa mjinga. Siku moja tukichambua mboga aliniuliza, "Wifi, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Ila sisi kabla ya kuoa hutuma watu wakaulize. Ukoo ule una wezi? Una wendawazimu? Ni wachapakazi? Sasa huko kwenu Mama angemtuma nani?"

Akaacha kuchambua. Kisha akasema, "Kwa hiyo ananiona mtu wa kuokotwa."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya soko tukaenda watatu, Mama, Turid na mimi. Tulipofika upande wa samaki wakavu, Turid alisimama ghafla akinusa. Meza ya Oriaku, muuza samaki wetu, ilikuwa imejaa okporoko, wale samaki wakubwa wagumu kama kuni, ambao bila wao supu yetu haiitwi supu. Turid akamnyakua mmoja, akamkumbatia kifuani. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Dada, samaki hununuliwa, hakumbatiwi," Oriaku akamwambia.

"Mwambie amweke chini, watu wanatutazama," Mama akaninong'oneza.

"Mama, huyu anatoka kwetu," Turid akasema. Kiigbo chake kilikuwa kinachechemea, lakini hakikuogopa mtu. "Kisiwani kwetu. Baba yangu anawatundika juu ya miti, nje, wanakauka."

Oriaku akaangua kicheko. "Kwenu wapi? Bibi yangu aliuza okporoko, mama yangu akauza. Huyu ni samaki wetu, hata watoto wanajua."

"Kwao hakuna jua," Mama akadakia. "Ndukwe mwenyewe aliniambia hata nguo hazikauki. Samaki ndiye atakauka? Msichana huyu ni mwongo kama babu yangu mlevi."

"Upepo, Mama. Upepo wa baridi ndio unaomkausha."

"Upepo!" Mama akarudia, akawageukia wauzaji wote wacheke naye. Mimi nilifurahi mno. Lilikuwa tusi la kwanza.

Turid alimnunua samaki yule, akatangaza kwamba atampika kikwao. Alimloweka siku kadhaa, kisha akaniomba maji ya majivu. Nikamchotea kwenye mtungi wa Mama, yale ya kupikia tunayochuja kutoka majivu ya vichikichi. Sikuuliza. Nilipokuja kuchungulia, nilishika kichwa: okporoko mzima, pesa yote ile, amevimba na kulainika kama uji ulioganda. Turid akamsuuza kwa maji safi tena na tena, akampika, na Jumapili akamweka mbele ya Mama na ndugu wote.

Mama aliigusa sahani kwa kidole.

"Anatetemeka. Ana malaria?"

Watu wakavunjika mbavu. Ndukwe akainamisha kichwa. "Okporoko ni wa kutafuna mpaka taya ziombe msamaha," Mama akaendelea. "Huyu nimtafune au nimnywe?"

Turid aligeuka mwekundu usoni, lakini hakuondoka. "Mama yangu humpika hivi Krismasi. Kwa maji ya majivu."

Mama akaacha kucheka. "Maji ya majivu? Nani alimfundisha mama yako?"

"Mama yake."

"Na huyo?"

"Mama yake pia. Kwetu kila nyumba wanajua."

Mama alimtazama kama ndio kwanza anamwona akishuka garini. Kisha akainuka, akajifunga kanga yake vizuri, akabeba sahani kwenda jikoni na Turid nyuma yake. Nikawafuata. Mama akamimina mawese kwenye chungu, akatia maji ya majivu kidogo, akakoroga mpaka mafuta mekundu yakageuka mchuzi mzito wa manjano. Akaongeza pilipili na kitunguu, akamtumbukiza yule mgonjwa wa malaria. Hakungoja sahani. Alionja palepale kwa kidole, akaonja tena, halafu akasukuma chungu katikati, akamwambia Turid, "Kula, wewe mwongo."

Wakala wote wawili, mkono ukigongana na mkono. Sisi tuliachiwa mchuzi wa kulamba.

Siku ya soko iliyofuata Oriaku akataja bei, Mama akashika kiuno.

"Unaniuzia mimi kwa bei hiyo? Samaki huyu anatoka kwa wakwe zangu."

"Wakwe gani, Mama Ndukwe?"

Mama akamvuta Turid mbele ya meza. "Watu wa huyu. Walikuwa wanatulisha kabla hatujajuana, na wewe ukidai ni wa bibi yako. Mama yake anapika kwa maji ya majivu kama mimi. Ukoo wao nimeshauulizia, ni watu safi. Haya, punguza."