Mchezaji Mwenye Swaumu

Juzi pedi ya gemu ilinitoa jasho kwenye kompyuta yangu ya Linux. Niliandika kila amri mpaka vidole vikaomba likizo, lakini kitufe cha kukimbia hakikutambuliwa. Nikakumbuka alasiri ya Ramadhani pale Korogwe, kwenye kibanda cha gemu cha kaka Hamza, kilichonuka waya unaoungua na mihogo ya futari. Nilikuwa na swaumu yangu ya kwanza, na sheria ya kibanda ilikuwa anayeshindwa anaachia kiti. Mchezaji wangu wa mpira kwenye runinga akagoma kukimbia.

“Kaka, huyu ana nini?”

“Ana swaumu, na wewe unamkimbiza juani!”

Leo najua kitufe kilikuwa kimekufa. Siku ile nilimwonea huruma, nikaacha kukibonyeza, nikapigwa mabao kama mvua ya masika. Nilipoachia kiti niliinamia runinga nikamnong'oneza, “Vumilia, magharibi haiko mbali.”