Ng'ombe Wanaweza Kuvamia?

Wiki iliyopita, katika kituo kidogo cha polisi karibu na Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nilimkuta mama wa Kikongo akitoa malalamiko kwa Kiingereza alichojifunza kanisani. "Cows invade my beans," alisema, kifua mbele, yaani ng'ombe wamevamia maharage yake.

Afande akacheka. "Mama, invade ni ya jeshi. Ng'ombe inaingia tu."

Mama akaweka mezani shina la maharage lililotafunwa, akarudi kwenye Kiswahili chake. "Afande, miye nilikimbia vita. Bale batu baliingia mu shamba yetu bila hodi, bakakula, bakalala, kisha bakasema ni fasi yabo, shamba ni yabo. Hizi ngombe zimefanya vile vile, na mwenye nazo anasema nihame. Basi unipe neno ingine."

Afande akavaa kofia, wakapanda pikipiki wote wawili. Kabla ya jioni ng'ombe walikuwa wametolewa shambani, na mwenye ng'ombe ameahidi kuleta mbegu za maharage.

Nilipofika nyumbani Mbarara nilifungua kamusi. Inasema kuvamia ni kuingia kwa nguvu mahali pa mwingine. Haiulizi aliyeingia ana miguu mingapi.